Kupanda na kushuka kwa Obuya: Funzo kwa vijana wa Burnt Forest

MTOTO anayekulia Burnt Forest, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, huijua mapema kazi moja ya michezo inayoweza kumtoa katika ufukara. Kazi hiyo ni kukimbia. Mbele yake kuna mashamba ya mahindi na viazi, baridi kali ya alfajiri, na barabara za udongo ambazo hazimdai mtu kiingilio.

Ni nadra mtoto huyo kuambiwa kwamba mkono wake nao unaweza kuwa ajira. Kwamba yuko kijana Mkenya aliyepata mkataba Uingereza kwa sababu tu alijua kuuzungusha mpira wa ngozi kwa kifundo cha mkono. Kijana huyo ni Collins Obuya, mrushaji wa kriketi ambaye mwaka 2003 jina lake lilivuma katika kila nchi inayoucheza mchezo huo.

Baadhi ya wasomaji watauliza: kriketi na Burnt Forest vina uhusiano gani? Mchezo huo haujapata kuota mizizi katika eneo hilo. Lakini hapo hasa ndipo penye kiini cha uchanganuzi huu. Kuyapima maisha ya mrushaji wa Nairobi kwa kipimo cha mkimbiaji wa Uasin Gishu kunatufunulia jambo ambalo wasimamizi wa michezo nchini wamelikwepa kwa miaka mingi. Kipaji ni mtaji, lakini mtaji usio na soko huozea ghalani.

Swali hili si la anasa. Kriketi itachezwa katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walioingia shule za upili pevu Januari 2026 wameruhusiwa kuchagua mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Serikali inawaambia wazazi kwamba michezo ni taaluma kama udaktari na uhandisi. Mzazi wa Burnt Forest anayo haki ya kuuliza: taaluma hiyo humlisha nani, na kwa muda gani?

Siku ya Februari 24

Mnamo Februari 24, 2003, Kenya ilikutana na Sri Lanka katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, mojawapo ya mechi za Kombe la Dunia. Sri Lanka haikuwa timu ya kubezwa. Ilikuwa imetwaa kombe hilo mwaka 1996. Kenya ilijikusanyia mikimbio 210, idadi ambayo wengi waliiona kuwa ndogo mno.

Nahodha Steve Tikolo alimkabidhi mpira Obuya, aliyekuwa na umri wa miaka 21. Kufikia mwisho wa zamu yake ya ova kumi, kijana huyo alikuwa ameangusha wiketi tano kwa mikimbio 24 pekee. Miongoni mwa waliong'olewa naye walikuwa Aravinda de Silva, Mahela Jayawardene na Kumar Sangakkara, majina ambayo mashabiki wa kriketi hadi leo huyataja kwa heshima. Sri Lanka ilimaliza na mikimbio 157, na Kenya ikashinda kwa tofauti ya 53.

Kwa asiyeujua mchezo huu, maelezo machache yanafaa. Mrushaji hutupa mpira kutoka upande mmoja wa ukanda wenye urefu wa meta 20 hivi, akilenga vijiti vitatu vinavyolindwa na mpigaji. Mipira sita hufanya ova moja. Wapo warushaji wanaotegemea kasi, na wapo wanaotegemea mzunguko, yaani mpira hugonga ardhi kisha ukageuza mwelekeo. Obuya alikuwa wa kundi la pili, tena wa aina iliyo ngumu kupita zote, ambayo mzunguko wake hutoka katika kifundo cha mkono badala ya vidole.

Ushindi huo ulikuwa sehemu ya safari ambayo hakuna aliyeitarajia. Kenya iliishinda Canada, ikaishinda Bangladesh, ikaishinda Zimbabwe. New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, miezi michache tu baada ya shambulio la Kikambala la Novemba 2002, na Kenya ikapewa pointi za mechi hiyo. Mnamo Machi 20, 2003, vijana wa Tikolo walisimama mbele ya India mjini Durban katika nusu fainali. Walishindwa kwa mikimbio 91, lakini walikuwa wamefika mahali ambapo hakuna taifa lisilo na hadhi ya kucheza mechi za Test lililokuwa limefika.

Obuya alimaliza mashindano akiwa na wiketi 13. Muda si muda klabu ya Warwickshire, yenye makao yake Edgbaston mjini Birmingham, ikamsajili. Chanda chema huvikwa pete, na pete hiyo ilikuwa mkataba wa kulipwa katika nchi iliyouzaa mchezo wenyewe.

Pete yaanguka

Lakini mambo hayakumwendea alivyotarajia. Msimu wa Uingereza haukumpa ufanisi uliotazamiwa, na aliporejea nyumbani mpira wake haukuzunguka tena kama zamani. Ni jambo linalowapata warushaji wa aina yake kote duniani. Ustadi wa kifundo ni mwepesi kupotea na mgumu kurejesha, na huhitaji saa nyingi za mazoezi chini ya jicho la mkufunzi anayeujua, pamoja na mechi nyingi za kujaribu, kukosea na kusahihisha.

Mechi hizo ndizo ambazo Kenya haikuwa nazo. Hapa ndipo kisa cha mtu mmoja kinapogeuka kuwa kisa cha taifa.

Baada ya Kombe la Dunia, chama cha kriketi nchini kilitumbukia katika mizozo ya fedha na uongozi. Wachezaji waandamizi waligoma wakidai malipo yao. Mwaka 2004 Kenya ilicheza mechi mbili tu rasmi za kimataifa za siku moja, zote katika mashindano ya Kombe la Mabingwa nchini Uingereza. Mwaka 2005 haikucheza hata moja. Chama hicho kilivunjwa mwaka huohuo na nafasi yake ikachukuliwa na Cricket Kenya.

Hebu msomaji alitafakari hilo. Timu iliyofika nusu fainali ya dunia Machi 2003 ilikaa kutoka Septemba 2004 hadi mwanzoni mwa 2006 bila kucheza mechi moja ya hadhi hiyo. Ni sawa na kumwambia mwanariadha aliyetia fora Olimpiki kwamba kwa mwaka mzima na ushei hakuna mbio zozote duniani atakazoruhusiwa kushiriki.

Mrushaji wa miaka 21 alihitaji kipindi hicho kuliko mtu mwingine yeyote. Alipokifikia, alikuta kimefungwa kwa kufuli.

Mgala muue na haki umpe. Obuya hakuketi kuomboleza. Alijifunza upya mchezo wake na kujigeuza kuwa mpigaji. Mnamo Machi 13, 2011, katika Kombe la Dunia mjini Bangalore, India, alipiga mikimbio 98 dhidi ya Australia bila kutolewa, ikabakia miwili tu afikie mia. Kenya ilishindwa siku hiyo, kama ilivyoshindwa katika mechi zake zote sita za mashindano hayo. Alifanywa nahodha mwaka huo, na aliendelea kuichezea nchi yake hadi Machi 2024, alipostaafu baada ya Michezo ya Afrika mjini Accra, Ghana.

Miaka zaidi ya ishirini katika timu ya taifa ni rekodi ya kujivunia. Hata hivyo, urefu wa safari hiyo hauondoi ukweli kwamba mrushaji aliyewaangusha Sri Lanka alitoweka akiwa bado kijana. Aliyebaki uwanjani alikuwa mchezaji mwingine, aliyejijenga kwa jasho lake mwenyewe.

Mkimbiaji na mrushaji

Tukirejea Burnt Forest, tofauti inaonekana waziwazi. Mkimbiaji huhitaji barabara, viatu, chakula na wenzake wa kukimbia nao. Akishapata kasi, soko liko wazi. Wakala humtafutia mbio Ulaya, Asia au Marekani. Kwa miaka mingi mshindi wa mbio za masafa marefu za New York amekuwa akilipwa dola 100,000. Mwaka 2024 Shirikisho la Riadha Duniani lilianza kuwalipa mabingwa wa Olimpiki dola 50,000 kila mmoja, na Kenya ilitwaa dhahabu nne mjini Paris kupitia kwa Beatrice Chebet aliyeshinda mara mbili, Faith Kipyegon na Emmanuel Wanyonyi.

Shirikisho la riadha nchini linaweza kuzozana, viongozi wake wanaweza kupelekana mahakamani, na mkimbiaji wa barabarani bado akapanda ndege kwenda kujitafutia riziki. Saa haimuulizi ametoka chama kipi. Ndiyo maana riadha imestahimili misukosuko ambayo ingeua mchezo mwingine wowote.

Mrushaji hana uhuru huo. Huwezi kurusha mpira peke yako ukalipwa. Unahitaji mpigaji wa kukukabili, wenzako kumi wa kudaka, uwanja uliokatwa nyasi na ukanda ulioshindiliwa kwa roli hadi ukawa mgumu, waamuzi, ligi, na juu ya yote shirikisho linaloweza kuialika nchi nyingine ije icheze. Ondoa kimojawapo, na kipaji hakionekani. Ondoa shirikisho, na mnyororo wote unakatika.

Kwa maneno mengine, mkimbiaji anaweza kufaulu licha ya uongozi mbaya, ilhali mrushaji hufaulu au kuanguka pamoja na uongozi wake. Hii ndiyo sababu Kenya imeendelea kupata mabingwa wa riadha na kupoteza kriketi, wala si kwa sababu watu wa jamii fulani walizaliwa na miguu na wengine na mikono.

Historia inaunga mkono hoja hiyo. Kriketi ilifika nchini pamoja na Waingereza na ikalelewa sana na Wakenya wenye asili ya Kihindi kupitia klabu zao mijini. Wachezaji Waafrika waliokuja kutamba, akina Tikolo, Odumbe, Suji na Obuya, wengi wao walitokea Nairobi, ambako viwanja vya klabu hizo vilikuwa karibu. Familia moja ilitoa ndugu watatu au zaidi. Kennedy na David, nduguze Collins, nao waliichezea Kenya. Kilichowakuza ni ujirani na uwanja.

Ukipanda kutoka Nairobi, uwanja wa kriketi unaojulikana katika njia hiyo ni ule wa Rift Valley Sports Club mjini Nakuru. Kutoka hapo hadi Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, mtoto hupita mashamba na misitu bila kuona ukanda wa kriketi. Atajuaje kwamba mkono wake una thamani?

Riadha nayo si peponi

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuwachorea vijana wa Burnt Forest picha kwamba mbio hazina machungu. Wanaofaulu ni wachache mno wakilinganishwa na wanaoamka alfajiri kufanya mazoezi. Wengi huacha shule, hukimbia miaka kumi bila kupata mkataba, kisha hurudi shambani wakiwa na magoti mabovu na mikono mitupu.

Fedha za haraka nazo zimezaa ulaghai. Katika muongo uliopita wanariadha wengi Wakenya walipigwa marufuku kwa kutumia dawa za kusisimua misuli, hadi mwaka 2022 nchi nzima ikaponea chupuchupu kufungiwa nje ya mashindano ya kimataifa. Serikali iliahidi kutumia dola milioni 25 kwa miaka mitano ili kukabiliana na uovu huo.

Kriketi ilipitia mlango huohuo mapema zaidi. Agosti 2004 Maurice Odumbe, aliyekuwa mchezaji bora wa mechi ambayo Kenya iliiaibisha West Indies mjini Pune mnamo Februari 29, 1996, alipigwa marufuku ya miaka mitano kwa kushirikiana na watu wa kamari. Kosa lilikuwa lake na adhabu aliibeba mwenyewe. Lakini mchezaji asiyejua atalipwa lini na chama chake huwa windo jepesi kwa mwenye pesa taslimu mkononi. Ndivyo ilivyo kwa mrushaji, na ndivyo ilivyo kwa mkimbiaji.

Kisha kuna lile ambalo wakazi wa Burnt Forest wanalijua kuliko mtu yeyote. Eneo hilo liliguswa vikali na ghasia za kikabila za mapema miaka ya tisini, likateketea tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nyumba zilichomwa, majirani wakafukuzana, barabara kuu ikafungwa kwa mawe na magogo. Katika ghasia hizo Lucas Sang, mwanariadha aliyeiwakilisha Kenya katika mbio za kupokezana vijiti kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, aliuawa mjini Eldoret.

Mkimbiaji asiyeweza kupita barabarani kwa sababu ya jina lake hana tofauti na mrushaji aliyenyimwa uwanja. New Zealand ilipokataa kuja Nairobi mwaka 2003 ilikuwa inasema jambo lilelile ambalo mfanyabiashara wa viazi wa Burnt Forest angelisema mwaka 2008: bila usalama hakuna mchezo na hakuna soko.

Mtu anayestaafu

Jambo la tatu ambalo kisa cha warushaji wetu kinalifundisha ni maisha baada ya makofi kunyamaza. Mfano mzuri ni wa Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, ambaye mbali na kriketi aliiwakilisha Kenya pia katika tenisi kwenye Kombe la Davis. Aliiongoza timu katika Kombe la Dunia la mwaka 1999, akastaafu, kisha akaombwa arudi mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 39.

Mnamo Machi 15, 2003 mjini Durban, aliingia uwanjani dhidi ya Australia, waliokuwa mabingwa wa dunia. Alirusha ova nane na mipira miwili. Sita kati ya ova hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Kwa jumla alitoa mikimbio saba tu na kuangusha wiketi tatu, ikiwemo ya nahodha Ricky Ponting. Australia ilishinda mechi hiyo, lakini tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa Mkenya.

Karim aliweza kuondoka na kurudi bila kuyumba kwa sababu kriketi haikuwa chungu chake pekee. Alikuwa na kazi yake ya bima. Mrushaji huyo alicheza kwa utulivu wa mtu ambaye kesho yake haikutegemea mpira unaofuata.

Thomas Odoyo naye, mrushaji wa kasi aliyevuka wiketi 100 katika mechi za siku moja, alichukua njia ya ukufunzi. Njia hiyo ilimfikisha mahali pa tabu. Februari 2018 Kenya ilishika mkia katika mashindano ya daraja la pili nchini Namibia, na kocha Odoyo, nahodha Rakep Patel pamoja na mwenyekiti wa chama wote wakajiuzulu. Nchi ilikuwa tayari imepokonywa hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja mwaka 2014.

Huku bondeni riadha imejijengea utaratibu ulio bora kiasi. Patrick Sang alishinda fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Alipostaafu akawa mkufunzi, na kambi anayoisimamia Kaptagat ndiyo iliyomlea Eliud Kipchoge. Ujuzi haukuzikwa, ulipitishwa kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kriketi ya Kenya haikuwa na Kaptagat. Kizazi cha 2003 kilipoondoka, kiliondoka na ujuzi wake. Hakuna shule ya mafunzo iliyojengwa kwa faida ya mafanikio yale, na hakuna mtoto wa kaunti za mbali aliyefikiwa.

Jirani atuonyesha

Kuna wanaodai kwamba kriketi ni mchezo wa matajiri na kwamba Afrika Mashariki haina uwezo wa kuudumisha. Uganda imewajibu. Novemba 2023 timu yake ilifuzu kwa Kombe la Dunia la mechi za ova ishirini kwa mara ya kwanza. Kenya, iliyokuwa mwalimu wake kwa miaka mingi, ilibaki nyumbani.

Mnamo Juni 5, 2024 nchini Guyana, Uganda iliishinda Papua New Guinea. Shujaa wa siku hiyo hakuwa chipukizi. Alikuwa Frank Nsubuga, mrushaji wa miaka 43, aliyerusha ova nne, akatoa mikimbio minne pekee na kuangusha wiketi mbili. Mtu aliyekuwa ameitumikia nchi yake kwa zaidi ya robo karne alipata jukwaa hilo akiwa na umri ambao wengine hucheza na wajukuu.

Tofauti ya Uganda na Kenya haiko katika mikono ya warushaji. Uganda ilidumisha kriketi katika shule zake za upili kupitia mashindano ya kila mwaka, na kutoka huko timu ya taifa ikaendelea kupata damu mpya hata wakati hakuna aliyekuwa akiitazama. Kenya ilitegemea klabu chache za Nairobi na Mombasa, na klabu zilipochoka, kisima kikakauka.

Hata hivyo si haki kusema kwamba kila kitu kimekufa. Katika mchujo wa Afrika uliofanyika Harare mwaka 2025, Kenya ilifika nusu fainali kabla ya kushindwa na Zimbabwe. Ilibakisha mechi moja tu ifuzu kwa Kombe la Dunia la 2026. Tanzania nayo ilifika hatua hiyohiyo na kuangushwa na Namibia. Makaa bado yana moto chini ya majivu.

Nini kifanyike

Wapo watakaosema: mbona tuhangaike na kriketi Burnt Forest, hali riadha inatosha? Hoja hiyo ina uzito, na hatuwezi kuipuuza. Fedha za kaunti ni haba, na mama anayesubiri dawa katika zahanati ana haki ya kwanza kuliko mpira wa ngozi.

Lakini hoja hiyo inasahau mtoto asiyeweza kukimbia. Si kila mzaliwa wa nyanda za juu ana mapafu ya Kipchoge. Yuko mwenye jicho la kulenga, yuko mwenye mkono mwepesi, yuko mwenye akili ya kupanga mchezo. Kwa sasa watoto hao wote husukumwa katika mlango mmoja, na wakishindwa kupita huambiwa hawana kipaji. Jamii inayoweka mayai yake yote katika kapu moja isije ikashangaa kapu likianguka.

Mkondo wa michezo katika shule za upili pevu ungekuwa mahali pa kuanzia. Lakini mkondo bila viwanja na walimu utakuwa jina tu kwenye karatasi. Ukanda mmoja wa kriketi katika shule moja ya eneo la Ainabkoi, ukitunzwa, ungetosha kuonyesha iwapo kuna mkono uliojificha. Gharama yake si ya uwanja wa kimataifa.

Pili, wachezaji wastaafu watumiwe wakiwa hai. Obuya anajua jinsi mrushaji anavyong'aa na jinsi anavyopotea, na ni wachache barani walioyapitia yote mawili kwa kiwango chake. Elimu hiyo haipatikani vitabuni. Taifa lililomwacha mrushaji wake apotee lisimwache pia mwalimu aliye ndani yake.

Tatu, na hili ndilo la msingi, mikataba ya wachezaji iwe ya maandishi na ilindwe na sheria. Kenya ina Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 na Jopo la Kusuluhisha Mizozo ya Michezo. Vyombo hivyo visiishie kuamua nani ameshinda uchaguzi wa chama. Viulize pia mchezaji amelipwa lini, ana bima gani akiumia, na atakula nini akistaafu.

Hayo yakifanyika, mkimbiaji wa Burnt Forest naye atanufaika, kwa kuwa shida zake ni zilezile ingawa miguu yake humficha. Anaweza kuukimbia uongozi mbaya kwa muda, lakini hawezi kuukimbia uzee. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Siku atakaporudi kutoka ng'ambo, atahitaji sheria, bima, kazi ya pili na jirani mwema, kama ambavyo mrushaji alivihitaji tangu siku ya kwanza.

Februari 24, 2003 haikuwa bahati nasibu. Siku hiyo ilionyesha kwamba mkono wa Mkenya unaweza kuwashinda mabingwa wa dunia. Miaka iliyofuata ikaonyesha kwamba mkono huo, ukiachwa bila mechi, bila malipo na bila mwalimu, hupoteza hata ule ufundi uliozaliwa nao. Wazazi wa Uasin Gishu wanaoandaa watoto wao kwa michezo watafanya vyema kuwauliza viongozi ni lipi kati ya hayo mawili wanalokusudia kurudia.